Ampule ya LED inawaka kwa jirani, kwako inakatala: anzia ku duyi

Mama mkubwa wangu wa Ndosho, hapa Goma, alirudisha ampule tatu za LED dukani, muuzaji akaziweka mbele yake zote zikawaka, kufika nyumbani salon giza vilevile. Iliniuma sana, juu alikuwa karibu azitupe na zilikuwa nzima.

Kwa hiyo usitupe. Ampule yenye inakatala ipeleke kwanza ku chumba ingine kwenye taa iko inawaka. Ikiwaka kule, basi shida iko ku duyi, pale ampule inaingia, ao ku enterupteri, ile ya kuwasha na kuzima.

Duyi njo inasumbua zaidi. Kwa ile ya kuzungusha, E27, chini kabisa mule ndani kuna kilimi cha chuma, ampule za zamani zilikikanyaga miaka na miaka, zikakichoma na joto yao mpaka kikalala, sasa LED unaizungusha mpaka mwisho haikigusi. Cha mama mkubwa nilikikuta kimelala kabisa, cheusi kama chini ya sufuria. Shusha dijonkteri, ile inakata kuran ya nyumba, usitegemee enterupteri peke yake, juu kuna nyumba fundi aliweka enterupteri ikate nitro, waya yenye haina moto, akaacha faze, waya yenye moto, inafika mpaka ku duyi, na hiyo inaua mtu. Pima na testeri, halafu inua kilimi kidogo na ncha ya turnevisi, milimita 2 inatosha, kisugue na msasa. Kikivunjika nunua duyi mpya, si bei. Kama ni B22, ile ya misumari miwili, bonyeza vile vichwa viwili vya ndani: chenye hakirudi juu njo mwenye makosa.

Ukiwa na variateri, ile enterupteri ya kupunguza mwanga, nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ampule za wati 60, wati 7 ya LED kwao ni mzigo mdogo sana, taa inatetemeka ao haiwaki kabisa. Hapo unahitaji ampule yenye kartoni yake inasema dimmable, na mara mingi variateri nayo unabadilisha. Spoti za volti 12 ni vilevile: transfo yake, ile inashusha volti, ilizoea ampule za halojeni, LED ndogo haiioni.

Na ile umezima lakini usiku inabaki inang'aa kidogokidogo? Angalia kama enterupteri iko na kataa kadogo ndani, kanapitisha kuran kidogo na LED inatosheka nayo. Kama hakana, huenda ni ile nitro nilisema, ita fundi airudishe faze ku enterupteri, usichelewe.

Globu, kile kifuniko cha taa, ya kufungwa kabisa, hapana, joto inakosa pa kutokea na ampule inakufa mapema.

Halafu kwetu huku jioni kuran inashuka watu wote wakipika. Soma kartoni: yenye inaandika 220-240V inaweza kuzima-zima saa hiyo, yenye inaandika 85-265V inavumilia, mimi njo hiyo nanunua sasa.