Kupanda Hameldown wakati wa erika

Hameldown ni mgongo mpana wa mawe ya itale katika nyika ya Dartmoor, Devon, Uingereza. Kimo chake ni mita 530 hivi, na watu ni wachache. Hautishi kwa ukali, ila juu kote kunafanana, na ukungu ukishuka hujui ulikotokea.

Agosti ndipo erika, kichaka kifupi cha nyikani, inapochanua zambarau. Ni ndugu wa ile ya Kilimanjaro, lakini hii kupita goti ni nadra. Beba ramani OL28 ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), dira, koti la mvua, maji lita moja na nusu. Vaa suruali ndefu na viatu vinavyoshika kifundo.

Anzia kijiji cha Widecombe-in-the-Moor, ufuate njia ya Two Moors Way. Mwinuko mkali uko hapa mwanzoni. Ukifika Hameldown Beacon shida imekwisha. Kutoka hapo elekea kaskazini ukihesabu mawe ya mpaka yaliyochongwa majina na "DS 1854" (DS ni Duke of Somerset, mtawala wa Somerset): Two Barrows, Single Barrow, Broad Barrow. Kila jiwe andika saa uliyolipita, maana ukungu ukija utajua uko kati ya lipi na lipi. Baada ya Hameldown Tor unateremkia Grimspound, boma la mawe la zaidi ya miaka 3,000 lenye misingi 24 ya vibanda vya mviringo.

Kwenda na kurudi ni kama kilomita 11. Kadiria saa moja kwa kilomita 5, dakika 10 zaidi kwa kila mita 100 za kupanda, kisha saa nzima ya mapumziko.

Usikate njia kupitia erika. Matawi yake huziba mashimo yaliyo kati ya mawe. Mguu ukizama, kifundo kinateguka. Kijani kinachong'aa kama zulia ni kinamasi. Itale kavu hushika soli vizuri sana, ila yenye kuvu na iliyolowa huteleza.

Wakati wa ukungu rudi kwa dira: kusini, ukielemea mashariki kidogo. Ukiona ardhi inaporomoka upande mmoja, umeanza kuingia bonde la Webburn, ya mashariki au ya magharibi. Panda tena mpaka pawe tambarare, ndipo utafute njia.

Jioni kagua kupe nyuma ya magoti, kwenye kinena na makwapani. Mbane kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute wima polepole. Usimpake mafuta wala kumchoma: akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha, na baadhi ya kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme.