Pima nafasi ya grenda kwa kipande cha flati baa

Kwa mafundi wa Mafinga na Mwanjelwa mnaonoa shoka na visu vya randa kwenye grenda ya mezani: wekeni karibu kipande cha flati baa chenye unene wa milimita 3, ile ya grili za madirisha. Chomoa plagi, zungusha jiwe kwa mkono hadi sehemu iliyojitokeza zaidi ielekee kibao cha kuegemezea kifaa, weka kipande katikati ya jiwe na kibao, sogeza kibao kikiguse, kaza bolti, kisha kitoe. Jiwe linavyolika nafasi hupanuka. Kifaa huvutwa ndani na kukwama, na jiwe linalozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika huweza kupasuka. Kwa hiyo pima kila mara, na kamwe usisogeze kibao jiwe likizunguka.

Kipimo hiki hakiokoi jiwe lenye ufa. Kabla ya kulifunga, litundike kidoleni kwa tundu lake, uligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi: zima hulia kwa mlio safi, lenye ufa hutoa sauti butu. Lililovuta unyevu wa mvua za Tukuyu nalo husikika butu hata likiwa zima. Likaushe kwanza, ndipo uligonge tena.