Simu inakula chaji: mtafute mlaji kabla ya kununua betri

Simu isiyofika jioni ina tatizo moja kati ya mawili: kuna kitu ndani yake kinakula chaji, au betri yenyewe imechoka. Ukikosea hapa utanunua betri mpya, nayo italiwa vilevile. Maelekezo haya ni ya simu za Android kama Tecno, Infinix, Samsung na Redmi. Majina ya menyu hutofautiana kidogo, ila mpangilio ni uleule.

Hatua ya 1: Ipime usiku

Chaji mpaka 100%, chomoa saa nne usiku, acha data na laini kama zinavyokuwa mchana, kisha usiiguse. Saa kumi na mbili asubuhi soma asilimia. Ikipungua 3 mpaka 8 si neno. Ikipungua 15 au zaidi, kuna kitu kilikesha.

Usiku wa pili rudia kipimo ukiwa umewasha hali ya ndegeni. Ikishuka 2 tu, mlaji anapitia mtandaoni; hatua ya 2 na ya 3 zitamkamata. Ikishuka kama jana, izime kabisa na kuiwasha upya, pima tena, na isipobadilika pitia hatua ya 2; usipomwona mlaji huko, nenda hatua ya 6.

Hatua ya 2: Mkamate mlaji

Fungua Mipangilio, Betri, kisha Matumizi ya betri. Skrini kuwa juu kwenye orodha ni kawaida. Mshukiwa ni programu ambayo hukuifungua leo lakini ipo juu. Iguse utaona imetumika muda gani ukiitazama na muda gani chinichini. Iliyofanya kazi saa tatu chinichini kwa dakika mbili za kutazamwa, ifute. Kama unaihitaji, izuie isitumie betri chinichini.

Usizuie kila kitu. Ukizuia WhatsApp, ujumbe utaingia kwa mafungu pale utakapoifungua. Dereva wa teksi au bodaboda akizuia programu yake ya abiria, maombi ya safari yatampita huku simu iko mkononi. Kwa WhatsApp dawa ni nyingine: ingia mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji otomatiki wa video. Magrupu matatu ya familia na la mtaa yanatosha kuifanya simu ishushe video mchana kutwa.

Na hizo programu za "kusafisha simu" na "kuongeza chaji", zitoe. Zinafunga programu, mfumo unazifungua tena, na kuanza upya kunakula zaidi kuliko kama zingeachwa zimelala. Kufagia programu zote kila baada ya dakika tano kuna hasara hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mtandao

Mtandao ukiwa dhaifu, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili ifike kwenye mnara. Ndiyo maana chaji inayokaa siku nzima mjini huisha mchana kijijini, au ndani ya basi. Kama simu yako ni ya 5G na unakoishi haijafika, weka aina ya mtandao kuwa 4G, vinginevyo itakuwa ikiitafuta bila mafanikio. Laini ya pili isiyoshika mtandao izime kwenye mipangilio ya SIM. Hotspot izime ukimaliza, maana hiyo inakula na kuchemsha kwa pamoja.

Hatua ya 4: Skrini

Punguza mwangaza, weka ijizime baada ya sekunde 30, na kama skrini ina Hz 90 au 120 (mara inazochora picha upya kwa sekunde) irudishe 60. Mandhari meusi husaidia kwenye skrini za OLED tu, kwa sababu nukta nyeusi pale huwa imezimwa. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka muda wote, kwa hiyo hayasaidii kitu.

Hatua ya 5: Joto

Betri ya lithiamu huzeeka kwa joto kuliko kwa jambo lingine lolote, na hali mbaya zaidi ni joto ikiwa imejaa. Usiichaji chini ya mto, juu ya dashibodi, wala juani kando ya sola. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Ikichemka toa kava. Usiitie kwenye friji, kwa sababu unyevu utageuka matone ya maji ndani yake.

Kwa matumizi ya kila siku, kati ya 20% na 80% panatosha. Simu nyingi mpya zina swichi ya kusimamisha chaji kwenye 80 au 85, iwashe. Ile habari ya kuchaji simu mpya saa nane kabla ya kuitumia ni ya betri za zamani za nikeli.

Ikichaji polepole, soma maandishi ya chaja. 5V 1A ni wati 5, na betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) itachukua kama saa tano. Waya ukilegea kwenye tundu, zima simu, toa vumbi la mfukoni kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini itapiga shoti.

Hatua ya 6: Betri iliyochoka

Dalili yake ni hii: simu inazima ghafla kwenye 25%, hasa ukiwasha kamera au flashi, kisha ukichomeka chaja inaonyesha 20%. Ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa betri kutoa umeme, umepanda: simu ikivuta umeme mwingi kwa mara moja, volti zinaanguka na inajizima. Jaribu mara moja kuijaza 100%, itumie mpaka ijizime, ijaze tena. Kama ni hesabu ya asilimia iliyopotea, itarekebika. Isiporekebika, badilisha.

Nenda kwa fundi ukijua namba iliyo kwenye betri yenyewe; za Tecno na Infinix huanza na BL. Betri ya ukubwa uleule inayojitapa kuwa na mAh mara mbili ya ile ya kiwandani, iache dukani.

Mfuniko ukiinuka, au simu ikiyumba ukiilaza mezani kwa mgongo, betri imevimba. Acha kuichaji leo hii. Usiikandamize irudi, na usikubali fundi aitoboe "kutoa gesi": betri hiyo hushika moto ikitobolewa.