Hatua za Kufuata Mwalimu Anapopokea Barua ya Kusimamishwa Kazi

Mwalimu nchini Kenya anayesimamishwa kazi kwa muda na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) anapaswa kuwasilisha maelezo yake ya utetezi kwa maandishi katika siku 21 tangu tarehe ya barua hiyo. Ajibu kila shtaka peke yake, akitaja tarehe, darasa na waliokuwepo, kwa maana sentensi kama "sikufanya lolote", ambayo wengi huiona inatosha, haimsaidii mtu. Nakala iliyopigwa muhuri wa mapokezi aihifadhi nyumbani. Siku ya kusikilizwa aende na mashahidi wake, na asiporidhika na uamuzi aombe marejeo, yaani uamuzi huo upitiwe upya, katika siku 90.