Mlipe mchukuzi mkononi mwake

Wenzangu mnaohamisha watu vyombo hapa Unguja na kuvusha mizigo hadi Pemba, mtazameni vizuri dalali anayewaletea wachukuzi kisha akataka malipo ya wote yapitie kwake. Utumwa wa siku hizi hujificha hapo. Kijana kalipiwa nauli ya boti, akifika anaambiwa ana deni. Kila akibeba makabati anakatwa: nauli, chakula, malazi. Deni haliishi, na kitambulisho chake kinakaa kwa dalali.

Kabla ya kazi, zungumza na kila mchukuzi faraghani. Kitambulisho chako kiko wapi? Nani anakudai? Ukitaka kuondoka kesho, utaweza? Kisha mlipe mwenyewe, taslimu au kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Ujira wa dalali utoe wewe, usikatwe kwenye jasho la mbebaji. Dalali akikataa utaratibu huo mwache, hata awe rahisi vipi.

Mwenye lori unalokodi naye muulize hayo hayo kuhusu utingo wake. Watoto wasibebe kabisa.

Kuzuia vitambulisho, kushikilia ujira na kumfunga mtu kwa deni ni miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa zinazotajwa na Shirika la Kazi Duniani, na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inatumika Zanzibar pia. Ukiziona, tafadhali usimfukuze kijana, maana atarudi kwa dalali yule yule. Toa taarifa polisi au Kamisheni ya Kazi, na siku ile umlipe chake chote.