Somo: Pikapu ya dizeli haivuti mlimani, pitia haya kabla hujaenda kutyuni

Wakuu habari za jioni, hapa Uyole baridi inakata masikio nimekaa karibu na jiko, acha nilipe deni. Tangu niseme Hilux yangu imerudi kuvuta watu wananiuliza nilifanyaje, na wengi wanadhani fundi alichomeka laptop tu akatyuni, yaani akabadilisha programu ya kompyuta ya injini, gari ikapona. Hapana. Laptop ilikuja mwisho kabisa, na mara ya kwanza nilipoanza na laptop nilipigwa hela.

Gari yenyewe ni Hilux D4D ya 3.0, injini 1KD, ikiwa mpya ni kilowati 120 na torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 343. Natoa viazi Isyonje kushusha mjini, saa nyingine mbao Mafinga. Zamani mlima wa njiani napanda na gia ya tatu na mzigo, ikafika mahali naweka ya pili na bado inalia, nyuma moshi mweusi kama nachoma matofali, bodaboda wananitukana.

Tuelewane kwanza kuhusu hewa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Gari isiyo na turbo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada) inaumia moja kwa moja, yenye turbo inajitahidi kufidia kwa kuzungusha turbo kasi zaidi. Kwa hiyo gari ikitoka pwani ikawa nzito kidogo huku ni kawaida, ila kama gari ni ya hapahapa na mwaka jana ilipanda mwaka huu haipandi usisingizie mlima, mlima haujaongezeka.

Hatua ya 1, filta. Ya hewa itoe uimulike kwenye mwanga, ya dizeli badilisha tu. Chini ya filta ya dizeli kuna koki ya kutolea maji, fungua kidogo uingize kwenye chupa ya plastiki uiache itulie nusu saa, ukikuta imejigawa chini maji juu dizeli basi ujue ile ya madumu ya bei chee unayonunua pembeni ya barabara inakula nozo zako.

Hatua ya 2, upepo, na hapa msiwe na haraka maana ndo penye wagonjwa wengi. Sensa inapima hewa kabla haijaingia kwenye turbo, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inamwaga dizeli kwa hesabu ya ile hewa, sasa kama hosi ya kwenda intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) imepasuka hewa inatokea njiani lakini dizeli imeshamwagwa ya kutosha hewa yote, ndo huo moshi mweusi na gari haina nguvu. Kwa macho huoni, hosi inafunguka ikiwa na presha tu. Mimi nilichukua kofia ya bomba la plastiki nikatoboa nikaweka valvu ya tairi, nikaibana kwenye mdomo wa turbo upande wa filta, nikajaza upepo taratibu isizidi bar 1 alafu nikapaka maji ya sabuni kila kiungo. Ziba na lile bomba la kupumulia injini, usije ukasukuma upepo ndani ukang'oa oili siri. Povu lilitoka sehemu mbili, moja chini ya klipu kabisa.

Hatua ya 3, masizi. EGR, valvu ya moshi wa eksozi, inarudisha moshi kwenye njia ya hewa, ukichanganyika na mvuke wa oili unakuwa kama lami, manifoldi yangu (bomba la kugawia silinda hewa) tundu lilibaki dogo dole gumba linapita kwa shida. Fungua, safishia nje ya gari, usikwangue ikiwa juu ya injini maana mabonge yataingia kwenye silinda. Turbo ya hii gari ina mabawa yanayofunguka na kufunga, yakikwama kwa masizi gari inachelewa kuamka, ila mkono wake unaendeshwa na mota ya umeme msiulazimishe na bisibisi.

Hatua ya 4, nozo. Wenye 1KD sikilizeni. Zile washa (ringi) za shaba chini ya nozo zikivuja, moto wa silinda unapita unachafua oili, kaboni inaenda kuziba chujio la oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili huku wewe unatafuta nguvu. Badilisha washa, fungua sampo uangalie chujio. Nozo zenyewe pima kwa kuweka chupa 4 kwenye mabomba ya kurudisha dizeli, inayojaza haraka kuliko wenzake ndo mbovu.

Hatua ya 5, rekodi. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, mwenzako ashike simu inayoonyesha namba wewe uendeshe, panda mlima gia ya tatu mafuta yote kutoka mizunguko 1,500 hadi 3,500. Angalia vitu viwili tu: presha ya turbo inayoombwa na kompyuta na inayopatikana, presha ya reli ya dizeli (bomba linalolisha nozo zote) inayoombwa na inayopatikana. Zikifuatana injini ni nzima, zikiachana rudi nyuma hakuna tyuni hapo. Yangu ilipofika hapa ilikuwa imesharudi karibu yote, kwa kweli ningeweza kuishia hapo ila mimi tena, roho ikataka zaidi.

Hatua ya 6, tyuni yenyewe. Lile kosa langu la kwanza lilikuwa faili (ile programu ya tyuni) la jumla, fundi mmoja wa Dar analo moja anampa kila mwenye Hilux. Kule chini gari ilipaa, kufika mlima wa Kitonga na mzigo moshi mweusi na turbo inapiga filimbi, kwa sababu faili linadai presha ileile kwenye hewa nyepesi na turbo inazidishwa kasi. Faili la kwako linaandikwa kwa rekodi zako, kwa hiyo nenda na zile za hatua ya 5 na umwambie fundi unaishi mita 1,700. Faili la kiwandani lisomwe kwanza ubaki na nakala. Betri iwekwe chaja muda wote wa kuandika, umeme ukiyumba katikati kontroli boksi inaweza kufa. Usiombe makubwa, asilimia 15 inatosha gari ya mzigo, na weka geji ya joto la eksozi, mimi ikigusa 700 mlima mrefu naachia mguu. Klachi iliyochoka itateleza siku hiyohiyo, msimlaumu fundi. Ukimaliza rudi mlima uleule na gia ileile urekodi tena.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makambako: Kaka nina Canter 4D33, inakubali faili?
Jibu: Hiyo haina kontroli boksi ndugu yangu, pampu ni ya kimakanika. Peleka pampu na nozo kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Anayekuzungushia skrubu barabarani anakuuzia moshi.

Mdada wa Iringa: Shikamoo kaka, kuna kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani nimekiona mtandaoni bei rahisi, eti kinaongeza nguvu na kupunguza mafuta.
Jibu: Marahaba dada. Vingi ni taa tu zinawakawaka. Viko na viboksi vya kuunga kwenye sensa ya reli, hivyo vinaidanganya kompyuta kwamba presha iko chini ili iongeze, nguvu inakuja kweli ila pampu na nozo ndo zinalipa.

Mdau wa Tunduma: Bosi anataka Scania itiwe faili tuwahi kupanda Kitonga.
Jibu: Kupanda sawa, na kushuka je? Faili haliongezi breki, na dereva aliyezoea gari jepesi kupanda anashuka na mwendo uleule. Mwambie bosi aanze na hatua ya 2, na mzigo ubaki ndani ya tani zinazoruhusiwa mizani.

Mdau wa Mbalizi: Mkuu yangu ni kama yako, moshi mweusi, haivuti. Nimeshaweka miadi ya tyuni Jumamosi.
Jibu: Sabuni kwanza.

Mdau wa Mbalizi: Nimerudi. Povu limetoka hosi ya intakula, imechanika chini ya klipu, nimeweka mpya nimepanda nayo Iwambi na magunia 12 gia ya tatu. Sasa ile miadi ya Jumamosi niende?
Jibu: Ahirisha. Hiyo hela nunua washa za nozo.