Mambo ya kuzingatia kabla chuo na kiwanda havijasaini mkataba

Anzeni na tatizo, hati ya makubaliano ifuate. "Kushirikiana katika utafiti" si kazi. "Kupunguza chupa zinazovuja baada ya kufungwa vizibo" ni kazi, ina kipimo na ina mwisho. Mhadhiri ashinde kiwandani, aone na zamu ya usiku.

Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa chuo cha umma unaanza Julai 1. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba. Malipo ya chuo hupitia kontroli namba (namba ya malipo ya serikali), kwa hiyo mhasibu wa kiwanda aambiwe mapema.

Sasa tasnifu, maana hapa ndipo watu wanapogombana. Chukua kiwanda cha sabuni kule Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kimempokea mwanafunzi wa uzamili, kikamfungulia daftari la uzalishaji. Naye kafanya alichofundishwa: kiambatisho cha tatu kina jedwali lenye uzito wa mafuta, kiasi cha magadi makali, joto la pipa na dakika za kukoroga. Tasnifu inakwenda maktaba, mara nyingi na mtandaoni pia, mshindani anaisoma bure. Kiwanda kikishtuka wiki ya utetezi wa tasnifu na kuzuia kazi isitoke, anayeumia ni mwanafunzi: hahitimu, na kosa si lake. Mkataba wa usiri peke yake hauponyi hili, kwa sababu kanuni za chuo zinadai kazi isomwe na watahini.

Kwa hiyo andikeni kabla ya siku ya kwanza: kiwanda kinapewa siku 30 kusoma rasimu, vipimo nyeti vinakaa kwenye kiambatisho cha siri, watahini wote, wa ndani na wa nje, wanasaini usiri, tasnifu ikihitaji kufichwa, ifichwe kwa muda uliotajwa, tuseme miezi 12. Kama kuna uvumbuzi, ombi la hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) lifike BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla ya utetezi, kwani kilichokwisha kutangazwa kinaweza kukosa sifa ya upya. Kumbukeni pia BRELA ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina ofisi yake.

Mengine: wekeni wahusika wawili kila upande, profesa huenda likizo na meneja huhamishwa. Nani ananunua kemikali? Kifaa kikiharibika? Mwanafunzi akiumia kwenye mashine, bima ni ya nani? Ulizeni hata mnaloona aibu kuuliza, na jibu liandikwe.